Kumchagulia Mtoto Kitabu Kipya

Mkulima wa Kakamega akiisha kuuza mahindi, mara nyingi fedha ya vitabu huishia katika kitabu cha mtihani. Lakini mtoto wa miaka 10 asomaye kwa ajili ya mtihani tu huacha kusoma mtihani ukipita. Yafaa apewe na vingine viwili. Cha hadithi, asome ukurasa mmoja kwa sauti. Maneno matano yakimshinda, kirudishwe. Cha maarifa kipimwe kwa jambo lijulikanalo: mkono wa mbega wa msitu wa Kakamega hauna kidole gumba cha kushikia. Picha ikikosea hapo, mengine yatiliwe shaka. Asiye na fedha asikate tamaa, kwani maktaba za taifa, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1965, huazimisha vitabu vya watoto.