Je, Baba wa Watoto Wadogo Aache Mchezo Wake?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wanafunzi wa sasa hawajalifikia bado, nao wanafunzi wa zamani wengi wamo ndani yake hata leo. Swali lenyewe ni hili: mtu mzima mwenye kazi, mke na watoto wadogo, je, yampasa kuuacha mchezo anaoupenda? Darasani tulifundishwa ya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mimi nimeshika mbili kwa miaka sita sasa, na moja ilikaribia kuniponyoka. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Naishi Gent, mji wa Ubelgiji, upande wa Flanders. Huku watu hupenda sana mashindano ya baiskeli yaitwayo siklokrosi. Si yale ya barabara ya lami, ambayo wengi wenu mliyaona au mliyasikia mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Siklokrosi hukimbiwa mashambani, misituni na mchangani, tangu Septemba hata Februari, wakati wa mvua na baridi. Njia yake ni mzunguko mfupi, kadiri ya kilomita tatu, nao huzungukwa tena na tena mpaka muda utimie. Mabingwa wa kulipwa hukimbia saa moja hivi. Sisi wa ridhaa, wenye umri kama wangu, dakika 40. Njiani huwekwa mbao za kuruka, ambazo kimo chake hakizidi sentimita 40. Mahali pengine matope au kilima humshinda mtu kabisa. Basi hushuka, akaitia baiskeli begani, akakimbia nayo. Mchezo huu si wa jana. Wafaransa walishindania ubingwa wao wa kwanza mwaka 1902, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950.

Nilipompelekea mama yangu picha, naye yuko Buyenzi, alicheka sana. Kwetu baiskeli ni mfanyakazi. Nani kati yetu asiyewajua vijana wateremkao mlima kutoka Bugarama mpaka Bujumbura, wamefunga mikungu ya ndizi hata baiskeli yenyewe haionekani? Mama akaniuliza, "Mwanangu, kwetu baiskeli humbeba mtu na mzigo wake. Huko kwenu wewe ndiwe unayeibeba, tena hulipwi?" Sikuwa na jibu. Ni kweli silipwi. Mimi ndimi ninayelipa kiingilio, matairi na petroli. Lakini wakati ule sikujua ya kwamba yuko mtu mwingine aliyekuwa akilipa kuliko mimi.

Sasa nisimulie kosa langu, maana haifai kuwashauri wengine huku nikificha la kwangu. Tuna watoto wawili. Miaka miwili iliyopita binti yetu alikuwa na miaka sita, na mdogo wake miwili. Usiku mmoja wa Jumamosi, mwezi wa Novemba, mdogo alipata homa. Asubuhi mama watoto akaniuliza, "Baba, utakwenda?" Nikamjibu, "Ni dakika arobaini tu." Nikampa mtoto dawa ya homa, nikaifunga baiskeli juu ya gari, nikaondoka.

Simu yangu niliiacha garini chini ya koti. Nikakimbia, nikawa wa 31 kati ya watu 44. Baada ya mbio nikaiosha baiskeli, nikasimama na wenzangu kunywa supu ya moto, tukazungumza habari za matope. Niliporudi garini nikakuta nimeitwa mara saba. Mtoto alikuwa ameshikwa na degedege. Mke wangu alikimbilia kwa jirani, bibi mzee asiyejua ila Kiholanzi, akakosa maneno ya kumwambia. Alimshika mkono tu, akamvuta mpaka kitandani kwa mtoto. Bibi yule ndiye aliyeita gari la wagonjwa, na ndiye aliyekaa na binti yetu mpaka jioni. Namshukuru Mungu, mtoto alipona, wala hakupata madhara. Lakini mimi nilifika hospitali na matope masikioni, na mke wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Siku ya tatu, watoto walipokwisha lala, alichukua daftari la binti yetu, akaandika hesabu nyuma yake. Jumamosi jioni, kutengeneza baiskeli na kufungasha vitu: saa moja. Jumapili, kwenda, kuandikishwa, kuipitia njia, kupasha mwili moto, kukimbia, kuosha na kurudi: saa sita. Kufua nguo zenye udongo na kusafisha bomba lililoziba: saa moja. Mazoezi ya Jumanne na Alhamisi jioni: saa nne. Chini akapiga mstari, akaandika: saa 12. Kisha akasema, "Unaniambia dakika arobaini. Hizi zilizobaki ni za nani?"

Nilinyamaza. Maana Jumanne na Alhamisi ndizo siku za masomo ya Kiholanzi ya jioni katika mtaa wetu. Mke wangu alijiandikisha mara mbili, na mara zote mbili aliacha kwa kuwa hakuna wa kukaa na watoto. Mimi siku hizo nilikuwa nikizunguka bustanini gizani na taa kichwani. Kumbe maneno aliyoyakosa mlangoni kwa yule bibi, mimi ndiye niliyemkosesha.

Nikasema, "Basi, nitaiuza baiskeli." Akajibu, "Usiiuze. Ukiiuza utakaa nyumbani umenuna, nami nitalea watoto watatu. Nirudishie saa zangu."

Ndugu wasomaji, maoni yangu yote yamo katika maneno hayo. Saa ambazo baba hucheza hazitoki mbinguni. Hutolewa na mtu, na kwa kawaida mtu huyo ni mke wake. Akizichukua bila kuuliza, amekopa bila kusema. Na deni la namna hiyo halionekani mpaka siku ya taabu. Lakini akizihesabu wazi, akazilipa, aweza kucheza na moyo wake ukatulia.

Tulipatana hivi. Kwanza, Jumanne na Alhamisi jioni ni zake, nami nakaa na watoto, napika, nawaogesha, nawalaza. Pili, nakimbia mara mbili kwa mwezi, si kila Jumapili; na wakati wa mwisho wa mwaka, ambapo mashindano huku hufuatana karibu kila siku, nachagua moja tu. Tatu, mtoto akiwa na homa, hakuna mbio, wala hakuna mjadala. Nne, simu haikai garini. Hukaa kwa mtu aliyesimama kando ya njia, na namba ya nyumbani anaijua. Tano, matope yangu nayaosha mwenyewe, kabla sijaingia ndani. Mazoezi nayafanya katika safari ya kwenda kazini na kurudi. Huku mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, nalo limekwisha zama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo sisi wengine tuna giza la kutosha kufanyia mazoezi bila kuiba mchana wa watoto.

Najua wako watakaonipinga, nao ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wazee wetu, na hata baadhi ya ndugu tulio nao hapa ugenini. Wao husema michezo ni ya vijana. Mtu akipata mtoto, na aweke mpira chini. Nawaheshimu, lakini sikubali. Kazi yangu ni ghalani, kupanga mizigo usiku na mchana kwa zamu. Mtu akiwa mbali na kwao, hana baraza ya kukaa jioni, hana wajomba wala rafiki wa utotoni, na miezi ya baridi yaweza kumtia huzuni nzito. Nimewaona wanaume waliojikatalia kila starehe kwa ajili ya watoto, kisha hasira yao ikawa juu ya watoto hao hao. Mtoto hafaidiki na baba aliyepo mwili tu.

Wa pili ni rafiki zangu wasemao ya kwamba kulea ni kazi ya mama, kwa hiyo mwanamume na acheze apendavyo. Hawa siwakubali hata kidogo. Kule kwetu mama alikuwa na shangazi, bibi na majirani. Mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Huku nyumba imefungwa, na ndani yake kuna watu wawili wazima tu. Mmoja akitoka, aliyebaki amebaki peke yake. Tukichukua desturi ya Buyenzi tukaiacha Buyenzi yenyewe nyuma, tumemwonea mtu.

Wengine huniambia habari za mabingwa. Adrie van der Poel alikuwa bingwa wa dunia wa siklokrosi mwaka 1996, na mwanawe Mathieu akautwaa ubingwa huo mara ya kwanza mwaka 2015, kisha mara nyingi tena. Sven Nys alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2005 na 2013, na mwanawe Thibau akawa bingwa wa vijana walio chini ya miaka 23 mwaka 2023. "Unaona," husema, "baba akikimbia, na mtoto hukimbia." Nami najibu: kwa watu wale baiskeli ndiyo iliyoleta mkate mezani, kwangu baiskeli huuondoa. Si mfano wangu. Mfano mzuri zaidi naupata kwa Mwingereza Lizzie Deignan. Alijifungua binti mwaka 2018, na mwaka 2021 akashinda mbio za kwanza za wanawake za Paris–Roubaix, siku ya mvua na matope. Watu humsifu mama, na ni haki yake. Lakini mumewe naye, Philip Deignan, alikuwa mwendeshaji wa kulipwa, akaacha mashindano mwaka ule ule wa 2018. Katika nyumba ile hesabu ilipigwa, na mwanamume hakusema ya kwamba saa zake ni takatifu.

Je, watoto wangu wamepata faida yoyote? Nisiseme uongo ya kwamba nakimbia kwa ajili yao. Nakimbia kwa ajili yangu mwenyewe. Hata hivyo mchezo huu una wema mmoja: mzunguko wake ni mfupi, na mtu aliyesimama kando humwona baba yake kila baada ya dakika nane au tisa. Siku ya jua watoto huja na mama yao. Mara nyingi huwekwa mbio fupi za watoto kabla ya zetu, na binti yangu amekwisha kukimbia mara tatu. Siku moja nilianguka kwenye mchanga, mnyororo ukatoka, nikawa wa mwisho kabisa. Njiani kurudi akaniuliza, "Baba, uliwaona wote wamekupita. Mbona hukuacha?" Nikamwambia, "Nilitaka kumaliza." Akafikiri kidogo, akasema, "Mama naye anataka kumaliza Kiholanzi." Mke wangu akacheka, nami nikacheka, lakini neno lile lilinikaa.

Mwaka jana mama watoto alimaliza ngazi ya tatu. Sasa yeye ndiye aendaye kuzungumza na mwalimu wa binti yetu, na yule bibi jirani huja kunywa chai Jumamosi, wakasema mpaka chai ikapoa. Mimi katika mbio zangu nimerudi nyuma: zamani nilikuwa wa 31, siku hizi ni wa 36 au wa 38. Hiyo ndiyo bei, nami naona si kubwa.

Wanafunzi wapendwa, wavulana na wasichana, ninyi mnaocheza mpira jioni na kuacha jezi sakafuni, jiulizeni nani huziokota na nani huzifua. Anzeni hesabu hiyo sasa, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Nanyi wanafunzi wa zamani wenzangu, mlio na watoto wadogo na mchezo mnaoupenda, iwe mpira, karata au baiskeli: msiuache kwa hasira, wala msiuendee kwa kujificha. Chukueni karatasi, mkae mezani pamoja na mama watoto, mkaziandike saa zenu na zake. Kama zake hazifiki nusu ya zenu, mnajua la kufanya Jumanne ijayo.

Nawasalimu nyote, na walimu wetu pia.

Mwanafunzi wenu wa zamani,
Gent, Ubelgiji