Acheni kutuuliza "Una uhakika?"

Leo nina neno na waundaji programu wenzangu, hasa sisi tunaoandikia simu.

Kila tukihofia kwamba mtumiaji atafuta kitu kwa bahati mbaya, tunamwekea swali: "Una uhakika?" Mara ya kwanza analisoma. Mara ya ishirini, kidole gumba kimeshabonyeza "Ndiyo" kabla macho hayajafika. Swali hilo halimlindi yeye. Linatulinda sisi, tupate kusema alionywa.

Dawa ni kumwezesha kutendua. Kwenye tarakilishi tuna Ctrl+Z tangu zamani, lakini simu haina kitufe hicho. Mwaka 2009 Apple, katika iPhone OS 3, waliamua kwamba ukitaka kutendua ulichoandika, utikise simu. Hebu jaribu hilo ndani ya matatu iliyojaa! Tena hakuna chochote kwenye skrini kinachokudokezea kwamba unaweza. Asiyeambiwa atajuaje?

Mwaka huohuo Gmail walipata njia bora. Ukishatuma barua pepe, neno la kutendua linatokea mbele yako. Siri yake ni nyepesi: barua bado haijaondoka. Inashikiliwa kwa sekunde chache, siku hizi hadi 30 ukipenda, na ukinyamaza ndipo inakwenda.

Basi tuige hapo. Mtu akifuta ujumbe, uondoe kwenye skrini papo hapo, lakini kwenye hifadhidata utie alama tu. Kitufe cha "Tendua" kikae chini, karibu na kidole gumba. Na muda utoshe. WhatsApp walipoleta kutendua ujumbe uliojifutia mwenyewe, mwaka 2022, walitoa sekunde 5. Nyanya yangu bado anatafuta miwani!

Pesa ni jambo lingine. Mpokeaji akishaitoa, hakuna kitufe cha kuirudisha. Ndiyo maana M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaenda. Hapo kuulizwa kuna maana, kwa sababu unapewa habari ambayo hukuwa nayo. "Una uhakika?" haikupi habari yoyote.

Kanuni yangu ni hii: kinachoweza kurudi, kirudishe bila maswali. Kisichoweza kurudi, onyesha wazi kinakokwenda.

Wewe waonaje?