Masurufu ya Safari Yatoke Nyumbani

Wazee wetu hawakuanza safari bila masurufu. Aliyekwenda mbali alifungiwa chakula katika jani la mgomba, akakibeba hadi alikokwenda. Siku hizi desturi hii inafifia. Wako abiria wengi wanaopanda basi Kampala kwenda Arua, Kisoro, Kigali au Nairobi, safari za kutwa nzima au usiku kucha, wakiwa mikono mitupu, wakitumainia kitakachouzwa dirishani. Baadhi yao, hasa vijana, huona haya. Wanadhani kwamba kufungua muhogo mbele za watu ni ushamba. Sisi hatukubaliani kabisa na fikira hiyo.

Kwanza tutazame mfuko. Mama mwenye watoto watatu, akinunua soda na nyama kila basi linaposimama, hufika mwisho wa safari akiwa hana hata nauli ya kumfikisha kwake. Karanga na ndizi alizotoka nazo nyumbani zingemwokoa.

La pili ni afya. Chakula kilichopikwa, kikikaa katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi, huzalisha vijidudu upesi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba kisiachwe nje kwa zaidi ya saa 2. Ndani ya basi lililojaa watu, joto ni hilo hilo. Kwa hiyo wali, maharage, maziwa na nyama ya mchuzi havifai kuwa masurufu, hata kama vimepikwa nyumbani kwa usafi. Wali ulaghai zaidi, kwani hubeba vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na sumu yake haiondoki kwa kupashwa moto.

Vifaavyo ni vile vilivyo vikavu, au vyenye ganda lake vyenyewe: karanga na mahindi ya kukaanga, mkate, chapati kavu, kabalagala, ndizi mbivu na machungwa. Muhogo na mayai ya kuchemsha vyafaa pia, lakini viliwe mwanzoni mwa safari. Karanga zenye kuvu zitupwe, maana kukaanga hakuimalizi sumu yake. Maji ya kunywa yachemshwe, yatiwe katika chupa safi.

Tunapenda pia kuwakumbusha wanaovuka mipaka juu ya kifungio. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Atakayefunga chakula chake katika kaveera atajitafutia matata mpakani. Jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, au kikapu chenye kitambaa safi, halimgombanishi msafiri na askari yeyote.

Huenda msomaji akauliza: je, wachuuzi wa Lukaya na Namawojjolo, wanaosomesha watoto wao kwa kuku wa kuchoma na gonja, wafanyeje? Hatusemi waachwe. Masurufu ni kinga ya njaa, na mwenye kinga hiyo hanunui kwa pupa. Ananunua kilichotoka motoni sasa hivi, na kukiacha kilichochomwa tangu asubuhi. Mchuuzi mwaminifu hapotezi kitu kwa mnunuzi wa namna hiyo.

Lakini mnunuzi hawezi kuchagua ikiwa dereva anasimama dakika mbili tu, huku wachuuzi wakikimbilia madirisha na kuhatarisha maisha yao kati ya magurudumu. Tunawaomba wenye mabasi wasimamishe magari yao kwa nusu saa, mahali penye maji ya kunawa na vyoo safi. Abiria amelipa nauli. Kula kwa utulivu na kunawa mikono ni haki yake. Dereva naye ni binadamu, na mapumziko hayo yatamfaa yeye pamoja na wote aliowapakia.

Wakati tukingojea wenye mabasi watusikie, kila mmoja wetu aanze na lililo katika uwezo wake. Anayesafiri kesho alfajiri na akaange karanga zake leo jioni, wala asione haya kuzifungua mbele ya jirani yake. Pengine jirani huyo naye hajala.