Maji Yanukayo Udongo na Hewa ya Ozoni

Katika maswali yaliyotufikia mna hili: maji ya mfereji yakitoka na harufu ya udongo, mfano wa ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza, je, yafaa kunywewa? Na je, ni kweli kwamba iko hewa iitwayo ozoni iwezayo kuiondoa harufu hiyo?

Yafaa ijulikane kwanza kwamba harufu hii mara nyingi hutokana na vijidudu vya jamii ya mwani viotavyo katika maziwa na mabwawa. Hutoa kitu ambacho wataalamu wa Marekani walikipa jina la jiosmini mwaka 1965. Pua ya mwanadamu hukitambua hata kikiwa nanogramu 10 tu katika lita moja, na nanogramu ni gramu iliyogawanywa mafungu milioni elfu! Kwa kadiri hiyo hakidhuru. Na mwenye kutawadha asitie wasiwasi, kwani wanavyuoni wa fiqhi walikwisha kubainisha kwamba maji yaliyogeuka kwa mwani, tope au kukaa sana hayatoki katika utohara wake.

Klorini huua vijidudu vya maradhi, walakini jiosmini haiiwezi. Ozoni yaiweza. Oksijeni tuivutayo ina atomu mbili mbili. Ikipitishwa penye umeme mkali, baadhi yake huungana tatu tatu, na hiyo ndiyo ozoni. Hupenyezwa majini kwa mapovu, ikaivunjavunja jiosmini, kisha yenyewe ikarejea kuwa oksijeni. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kuitumia mwaka 1906, lakini huko shabaha ilikuwa kuua vijidudu.

Kwa habari ya harufu, tutazame Japani. Maji ya Ziwa Biwa yalianza kunuka ukungu mwaka 1969, na mto Yodo utokao ziwani humo ndio uunyweshao mji wa Osaka. Ilipofika mwaka 2000 ndipo maji yote ya mji huo yakawa yapitishwa katika ozoni, na baadaye katika mkaa maalumu unyonyao mabaki. Miaka thelathini, na hao ni watu wenye mali na elimu ya mitambo!

Tena ozoni haikai majini, basi klorini haina budi kutiwa mwishoni ili iyalinde maji mabombani. Na maji yenye bromidi hufanya bromati, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea mpaka wa mikrogramu 10 kwa lita. Hewa yenyewe ikivutwa hudhuru mapafu. Hii ni kazi ya mafundi wa serikali, si ya jikoni.

Litutialo khofu ni jingine: mwenye nyumba kuyaacha maji ya mfereji yaliyotiwa klorini kwa kuwa yanuka udongo, akenda kuteka ya kisima kilicho jirani na choo kwa kuwa ni maangavu na matamu. Vijidudu vya kipindupindu havina ladha wala harufu. Ayaweke maji ya mfereji katika mtungi uliofunikwa, yapoe. Yakiwa baridi harufu haisikiki sana.