Mpeni Mama Injenia Wanafunzi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Tshopo, kwa Waziri wa Jimbo anayeshughulikia elimu, kwa Rekta wa Chuo Kikuu cha Kisangani, na kwa wakuu wa shirika la umeme SNEL na shirika la maji REGIDESO mjini Kisangani.

Waheshimiwa,

Kila tarehe 8 Machi mama zetu huandamana na vitenge vyao vipya, na katika hotuba hutajwa wanawake waliofanya makubwa. Naomba niwazungumzie mmoja wa kutajwa siku hiyo, mhandisi Sandrine Mubenga, na deni ambalo heshima yake inawaachia ninyi hapa Kisangani kuanzia tarehe 9.

Mubenga alizaliwa Kinshasa. Akiwa na umri wa miaka 17 aliugua kule Kikwit. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na alipaswa kupasuliwa haraka, lakini hospitali haikuwa na umeme. Siku tatu alilala kati ya kufa na kupona huku mafuta ya jenereta yakitafutwa. Mkaaji wa Mangobo au Kabondo, hapa Kisangani, hahitaji kuelezwa zaidi. Tuna mto Tshopo, tuna kituo cha umeme kwenye maporomoko yake tangu miaka ya 1950, na bado delestaji, yaani mgawo wa umeme, inamkuta mama kwenye kitanda cha uzazi, mkunga akifanya kazi kwa mwanga wa simu. Umeme ukikatika, pampu za maji nazo husimama, na kabla ya alfajiri watoto wanapanga madumu yao kwenye chemchemi.

Alipopona, msichana yule aliamua kusomea umeme. Alisoma Chuo Kikuu cha Toledo, jimboni Ohio, Marekani, na mwaka 2017 akapata shahada ya udaktari. Kazi yake ya utafiti ni betri. Betri kubwa ya lithiamu ni seli nyingi zilizofungwa pamoja, na seli moja ikichoka mapema inazikwamisha zote: betri inahesabiwa imekwisha wakati seli nyingine bado zina nguvu. Yeye na mwalimu wake Thomas Stuart, pamoja na wenzao, walibuni njia ya kuzisawazisha seli hizo bila gharama kubwa, ili betri itoe nguvu yake yote na idumu. Nchi inayotaka kuhifadhi umeme wa jua mpaka usiku, hadi kwenye zahanati za Bafwasende na Opala, inahitaji sana akili ya namna hiyo.

Ana kampuni ya umeme wa jua aliyoianzisha mwaka 2011. Mwaka 2020 aliteuliwa kuongoza mamlaka ya taifa ya kudhibiti sekta ya umeme, mamlaka iliyotokana na sheria ya mwaka 2014 iliyoondoa ukiritimba wa SNEL. Hayo yote ni makubwa. Lakini mimi ninayemwandikia gavana wangu nathamini zaidi jambo jingine: mwaka 2018 alianzisha STEM DRC Initiative, inayowalipia masomo vijana wa Kongo wanaosomea sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Aliona kwamba shahada yake peke yake haitawasha taa ya mtu, na kwamba kijana aliye nyuma yake anahitaji ada, na zaidi ya ada anahitaji mtu mzima anayemjua kwa jina na kumuuliza mtihani ulikwendaje. Mhandisi Thérèse Kirongozi naye, aliyetengeneza roboti za kuongoza magari zilizowekwa Kinshasa kuanzia mwaka 2013, aliifanya kazi yake kupitia Women's Technology, chama kilichowapa nafasi wahandisi wanawake wenzake. Njia yao ni moja.

Sasa njooni Kisangani. Nimekaa nyuma ya darasa katika karakana ya shule moja ya ufundi, siku ya mazoezi ya umeme. Mita ya kupimia ilikuwa moja kwa darasa zima. Wavulana waliizunguka, wakagusisha nyaya, wakasoma namba kwa sauti. Wasichana walikuwa wawili, na wote wawili walishika daftari wakiandika namba walizotajiwa. Hakuna aliyewakataza kuigusa mita, na hakuna aliyewapa. Mwandiko wao ulikuwa mzuri sana, na mwalimu akawasifu kwa huo mwandiko. Iliniuma, Waheshimiwa. Kila mmoja wao atamaliza mwaka wa mwisho, atapata diploma ya umeme, na mikono yake itakuwa haijawahi kupima waya.

Najua jibu linalotolewa: wasichana hawajiandikishi, na wakijiandikisha wanaacha. Wanaacha kwa sababu zinazoonekana kwa macho. Karakana haina choo cha wanawake. Staji, yaani mazoezi ya kazini, ni mbali, toleka, teksi ya baiskeli, inadai nauli kwenda na kurudi, na baba hataki binti arudi gizani. Msimamizi wa staji anampeleka ofisini akapange karatasi. Katika mambo hayo hakuna hata moja linalongoja fedha za Benki ya Dunia.

Naomba basi SNEL ifungue mlango wa kituo cha Tshopo kwa wasichana wa shule za ufundi na vyuo, wafanye staji kwenye mitambo yenyewe, nauli imelipwa, na kila mmoja akabidhiwe kwa fundi au injenia atakayejibu kwa jina lake kama binti hakujifunza. REGIDESO ifanye vilevile kwenye pampu. Na wale mama mainjenia walioajiriwa na serikali, wachache tulio nao, ambao leo wanawasaidia wanafunzi jioni wakiwa wamechoka, bila malipo na bila shukrani: saa zao za kulea vijana zihesabiwe kuwa saa za kazi. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Tumezoea kuwaachia wanawake kazi ya kujitolea, halafu tunaisifu.

Bwana Rekta, chuo chako kina walimu na wahitimu wanawake katika sayansi. Wape chumba, siku moja ya juma, na barua rasmi ya kuingia katika shule za sekondari za Makiso, Tshopo na Lubunga. Kama mtapenda kukiita chumba hicho kwa jina la Mubenga, itakuwa heshima nzuri, mradi kiwe na mita za kutosha mezani.

Mwaka wa shule unaanza Septemba. Orodha ya staji inaweza kuandikwa mwezi Agosti, na majina ya mabinti walio tayari yako kwa walimu wao wa karakana. Waulizeni.

Wenu kwa heshima,
Mzazi na mkaaji wa Makiso, Kisangani