Uhusika Hupimwa Siku ya Kushindwa

Wadau, usiku nikishamkabidhi mhariri habari zangu, huingia World of Warcraft. Mchezo huu ulitoka 2004, na una seva za kawaida na seva za waigizaji, ambako mtu anatarajiwa kuongea na kutenda kama mhusika wake.

Huko nimeona ngazi tatu. Wa kwanza amevaa joho la mchawi lakini anaongelea mpira wa jana. Wa pili huigiza vizuri. Akiwa na jambo lake binafsi huliandika ndani ya mabano, wote wakajua sasa anaongea mchezaji. Wa tatu havunji uigizaji kabisa. Mwambie umeme umekatika, atakuuliza umeme ni uchawi gani.

Wengi humwona wa tatu ndiye bingwa. Mimi nakataa. Mwezi uliopita tulikubaliana kuigiza kukamatwa kwa wasaliti wawili mjini Stormwind. Bingwa wetu alipoona anazingirwa, akatoweka. Ametoka mchezoni! Mwenzake, yule wa mabano, akapiga magoti. Aliigiza mfungwa wiki nzima, na kila usiku tulikwenda gerezani kumsikiliza.

Jamani, kuongea kama mhusika ni rahisi. Kazi ni kumwacha ashindwe, aaibike, hata afe, kwa sababu hadithi ni ya wote. Asiyekubali kushindwa haigizi, anajisifu tu kwa jina la bandia.

Nyie mnasemaje?