Mwili Ni Amana: Muulize Mtibu Kabla Hajamgusa Mgonjwa



Ndugu na dada zangu katika imani, siku chache zilizopita, baada ya darsa ya magharibi, alinijia mama mmoja akiwa na huzuni. Mamake mzazi alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Walipotoka hospitali waliambiwa wamtafutie tiba ya viungo, ile iitwayo fiziotherapia. Jamaa mmoja akawaletea mtu aliyevaa koti jeupe, mkononi ana chupa ya mafuta. Kila asubuhi mtu huyo aliuvuta ule mkono uliopooza kwa nguvu, akisema anauamsha. Wiki ya tatu bega likateguka, na bibi wa watu akawa halali usiku kwa maumivu.

Nikamuuliza, "Alisomea wapi?" Akajibu, "Sheikh, tuliona haya kumuuliza. Aliletwa na mtu wetu." Kisha akauliza swali lililonifanya niandike makala haya: "Je, dhambi ni yake au ni yetu?"

Jawabu la kwanza liko wazi. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayejitia utabibu, hali hajulikani kwa utabibu, basi madhara yatakayotokea yamo shingoni mwake. Wanazuoni wameijenga juu ya mafundisho hayo hukumu ya fidia. Nia njema haimwokoi asiye na elimu.

Lakini sisi nasi tuna sehemu yetu. Imam Malik amesimulia katika Muwatta kuwa zama za Mtume (S.A.W.) mtu alijeruhiwa, wakaitwa watu wawili wa Bani Anmar. Mtume akawauliza ni yupi kati yao aliye mjuzi zaidi wa utabibu. Ikiwa yeye, aliye mbora wa viumbe, aliuliza, sisi haya yetu yatoka wapi? Kuuliza si utovu wa adabu, wala si upungufu wa tawakkul.

Basi tuulize nini? Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliunda Baraza la Fiziotherapia, na haimruhusu mtu kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa nalo. Mwambie akuonyeshe usajili wake na leseni ambayo haijaisha muda. Mwenye nazo hatakasirika. Akikasirika, hilo peke yake ni jawabu.

Kisha mtazame anavyofanya kazi. Mjuzi haanzi na mafuta, huanza na maswali: ugonjwa ulianza lini, shinikizo la damu likoje, dawa zipi zinatumiwa, barua ya daktari yasemaje. Humpima mgonjwa, akaweka lengo, mathalani kukaa mwenyewe kitandani au kwenda msalani kwa kushikwa mkono. Huwafundisha watu wa nyumbani namna ya kumgeuza na kumwinua, kwani saa nyingi za mgonjwa zi mikononi mwao. Wala haahidi uponyaji, kwani uponyaji ni wa Mwenyezi Mungu.

Siwadharau wachuaji wetu. Mgongo uliochoka kwa kazi hupata raha mikononi mwao. Lakini mkono uliopooza hauvutwi, kwa kuwa misuli inayolishika bega imelegea. Na mguu uliovimba ghafla, ukawa wa moto na unauma nyuma ya goko, usichuliwe kabisa. Huenda pana damu iliyoganda, na kuichua kwaweza kuipeleka mapafuni ikaua. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Limebaki suala la sitara, ambalo najua linawazuia mama zetu wengi. Anza kwa kumtafuta mwanamke mwenye ujuzi. Idara za tiba ya viungo katika hospitali za kaunti zinaweza kuombwa. Asipopatikana, wanazuoni wameruhusu mwanamume atibu kwa dharura, mahramu wake au mwanamke mwenzake akiwapo, na lisifunuliwe ila linalohitajika. Enzi za Mtume (S.A.W.) kina Rubayyi' bint Mu'awwidh waliwahudumia majeruhi vitani. Kumwacha mama akakauka viungo kitandani, hali tiba ipo, si sitara tuliyoamrishwa.

Nilimwambia yule mama: aliyejifanya mtaalamu ana lake la kujibu mbele ya Mola, nanyi ombeni msamaha kwa kutouliza, kisha mtengenezeeni mzee wenu yaliyobaki. Alhamdulillahi, sasa anahudumiwa na binti aliyesomea kazi hiyo. Bega lingali linauma, lakini juzi bibi alikaa mwenyewe akaswali kitandani.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu na utujaalie tuwe waangalizi wema wa wazee wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.